Nyumba Isiyo na Msingi

Kyakimwa alijua kwamba ukoo wa mumewe haumpendi tangu zamani, kabla hajapigilia hata msumari mmoja. Ila walikuwa hawajapata pa kuanzia. Nyumba ndiyo iliyowapa.

Yeye na mumewe Zacharie walikuwa wamefika Butembo wakitokea Beni pamoja na binti yao Providence, baada ya nyumba yao ya komini ya Beu, mtaa mmoja wa mji huo, kuungua na kila kilichokuwa ndani. Kule Beni Kyakimwa alikuwa mpambaji wa sale, yaani kumbi, za harusi. Alikuwa akifika mahali penye kuta tupu na viti vya plastiki, na kabla misa haijaisha pakawa pamegeuka: vitambaa vimeshuka kutoka darini kama maporomoko, matao yamesimama, kuna chumba ndani ya chumba. Kesho yake akifungua vyote, akivikunja, akivipeleka kusimama kwingine. Aliifanya kazi hiyo miaka mingi bila kuiwaza. Siku waliyowakimbia wauaji wa msituni, alipotazama nyuma na kuona moshi, ndipo alipojiuliza kwa nini vitu vya harusi ya watu wengine vinaweza kuhama na nyumba yake haiwezi.

Mjini Butembo walikuwa na mahali pa kwenda. Marehemu baba yake Zacharie alikuwa ameacha parsele, kiwanja cha ukoo, huko Mususa, na alipokaribia kufa alisema kwamba upande wa juu ni wa Zacharie. Upande wa chini alibaki mjane wake, mama Kanyere, katika kijumba cha matofali mabichi kilichokuwa kikimeguka kila masika. Kaka mkubwa, Lusenge, hakuhitaji kitu pale, au ndivyo alivyosema wakati ule. Alikuwa na duka kubwa la saruji, ambayo huko huitwa sima, na karo za kutandika sakafuni kule Kimemi na nyumba ya ghorofa yenye nguzo nne mbele. Zacharie aliajiriwa katika duka hilo hilo, akipanga maboksi ya karo. Kwa hiyo kila asubuhi alikula mkate wa kaka yake, na kila jioni alirudi na maneno ya kaka yake.

Kyakimwa alijenga kwa mbao za mikaratusi. Alichora mwenyewe, akamwita seremala, wakabishana wiki nzima, na mwishowe seremala akatengeneza vipande kama milango mikubwa, kila kimoja kinachoweza kubebwa na watu wawili. Vipande vilishikana kwa skurubu nene na nati. Hapakuchimbwa shimo lolote. Sakafu ya mbao ilikaa juu ya mawe makubwa ya mtoni, na upepo ukapita chini yake, kiasi kwamba hata mvua ya Butembo isiyochoka haikuweza kupandisha unyevu ndani.

Ndani ndimo alimomwaga moyo wake. Kila ukuta ulikuwa wa mbao mbili, na katikati yake palikuwa rafu za sahani, za nguo, za vitabu vya Providence. Vitanda vilikunjwa asubuhi vikasimama ukutani, na upande wao wa chini alikuwa ameupaka udongo mweupe na mistari ya udongo mwekundu, hivi kwamba mchana chumba cha kulala kilikuwa sebule yenye picha kubwa. Benchi lilifunguka likawa sanduku. Juu ya meza aliweka bati moja linalopitisha mwanga, na hata siku za ukungu mtu aliweza kuchambua maharagwe pale bila kuwasha taa. Kwenye kuta za upande wa baridi alitundika mikeka ya ukindu iliyosukwa nene.

Kijumba cha mama Kanyere kilipoanguka upande mmoja, Kyakimwa alimwongezea chumba. Hakufanya hivyo kwa mapenzi. Mama mkwe huyo alikuwa amemwambia usoni, siku ya mahari, kwamba mwanawe angeweza kupata mwanamke anayelima. Lakini mwanamke mzee hawezi kuachwa kwenye matope. Kyakimwa alimpima akiwa amelala, akakata dirisha chini kabisa, sawa na kitanda, ili mtu mwenye miguu mibovu aone barabara bila kuinua kichwa. Mama Kanyere aliingia, akalala, akatazama nje. Hakusema asante. Alisema mlango unalia.

Lusenge alikuja kuangalia nyumba siku ya Jumapili, akiwa bado na suti ya misa. Alizunguka nje, akainama, akachungulia chini ya sakafu kama mtu anayetafuta kuku.

"Fondasio iko wapi?" aliuliza.

"Hakuna, yaya," Kyakimwa alijibu, akimwita kama kaka mkubwa anavyoitwa. "Inakalia juu ya majiwe."

"Miye nauzishaka sima mu Butembo muzima, na bibi ya ndogo yangu anajenga na mbao kama kibanda ya kuku. Unajua batu banasema nini mu Kimemi?"

"Kule Beni tulikuwa na nyumba ya sima. Fondasio yake ilikuwa muzuri sana. Nyumba iliungua, fondasio ikabaki kule kule. Haikutufata."

Zacharie, aliyekuwa amesimama kati yao, alitazama viatu vyake. Lusenge alimpa mwanamke mgongo. Alimgeukia mdogo wake, akazungumza kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

"Mutu mwenye kujenga bila fondasio, eko na mupango ya kuenda. Umuulize bibi yako anaenda wapi."

Maneno hayo yalitoka kwenye parsele kabla ya Lusenge mwenyewe kutoka. Kufikia katikati ya wiki yalikuwa dukani kwa Falonne, mwanamke mwenye kibanda cha sabuni na mafuta barabarani, na Falonne alikuwa ameyatia chumvi: ile si nyumba ya kukaa, ni nyumba ya kukimbia. Mwanzoni watu walicheka. Kisha zikaja habari mbaya kutoka vijiji vya upande wa magharibi, kwamba wauaji wa msituni wamepita tena. Watu wakaanza kuingia Mususa kwa miguu, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba, watoto wakiburuta sandali. Hapo hakuna aliyecheka tena. Swali likabadilika. Mtu anajengaje nyumba ya kukimbia kama hajui kitu? Na kama anajua, amekijulia wapi? Si ametoka Beni?

Falonne aliacha kumuuzia. Hakumfukuza. Alisema tu, "Sabuni imeisha, Mama Providence," na vipande vya sabuni vimepangwa nyuma yake mpaka juu. Kanisani watu walisogea, benchi likabaki na nafasi ya watu watatu kila upande wake. Siku moja jiwe lilitua juu ya lile bati la mwanga na kulipasua. Providence alirudi kutoka shuleni akiwa amechaniwa kola ya shati, na alipoulizwa alijibu, "Banasema mama yangu anaita bauaji."

Kyakimwa alishona ile kola kwa hasira. Alikuwa amewazika watu wa Beni kwa mikono yake. Alikuwa amevipamba vyumba vya matanga kwa vitambaa vilevile vya harusi, kwa sababu hapakuwa na vingine. Na sasa watu waliokuwa hawajawahi kulala porini hata siku moja walimwambia kwamba yeye ndiye rafiki wa panga.

"Uende uongee na yaya yako," alimwambia Zacharie. "Maneno ilitoka mu kinywa yake. Airudishe."

"Nitaongea naye."

"Lini?"

Zacharie alisugua mikono yake, iliyokuwa na vumbi jeupe la karo kwenye mistari ya viganja. "Yeye ndio ananipa kazi," alisema. "Lakini unajua vile eko."

Hakuongea naye.

Vijana wa ulinzi wa kartiye, yaani wa mtaa, walikuja Jumamosi saa nne asubuhi, wakiongozwa na Nzanzu, mwanamume mwenye umri wa makamo aliyekuwa zamani mwalimu wa michezo na ambaye bado alibeba filimbi shingoni. Nyuma yao lilikuja gari la Lusenge. Majirani walijipanga kando ya ua wa miti kama watu wanaosubiri mechi.

"Tunaomba kuangalia mu nyumba," Nzanzu alisema. Alisema kwa adabu, lakini vijana wake walikuwa na fimbo.

"Mungoje," Kyakimwa alisema. "Mutavunja. Nitabafungulia miye mwenyewe."

Akafungua. Alishusha vitanda, akainua tena. Alifungua benchi na kutoa blanketi moja moja. Alitoa sahani kwenye rafu za ukutani, akagonga mbao mbele ya macho yao ili wasikie kwamba nyuma hakuna kitu kingine. Aliondoa mkeka mmoja, akaondoa wa pili. Alifanya yote polepole, na kila alipomaliza alimtazama mmoja wao usoni mpaka akainamisha macho. Kijana mmoja aliuliza kama kitanda kile kinaweza kutengenezwa cha watu wawili. Nzanzu akamwambia anyamaze.

Walipofika kwenye chumba cha mama Kanyere, mwanamke mzee alikuwa amelala ubavu, akitazama barabara kupitia dirisha lake la chini.

"Mama, tunaomba uamuke," Nzanzu alisema.

"Munatafuta nini chini ya mutu mukubwa?" alijibu bila kugeuka. "Mutafute kwa mama zenu."

Wakamwacha. Nje, Nzanzu alikuna shingo chini ya kamba ya filimbi yake. Hakuwa mtu mbaya, na ilionekana kwamba alitamani kumaliza na kwenda nyumbani. "Hatujaona kitu," alisema. "Lakini batu banaogopa, Mama Providence. Mutu akiogopa, anafanya mabaya. Hii nyumba inaogopesha batu."

"Nyumba ya yaya Lusenge haiogopeshe batu?" Kyakimwa alisema. "Iko na vyuma kwa dirisha zote. Anaogopa nani?"

Mtu mmoja alicheka kwenye ua. Lusenge alishuka kwenye gari.

"Parsele ni ya baba yetu," alisema. "Alitupatia tujenge. Hii haiko kujenga. Na kwa sababu umeonyesha kila mutu vile inafunguka mbiyo, basi uifungue. Uitoe hapa. Nitajenga etaje, mama yangu atakaa mu nyumba ya batu."

Basi Kyakimwa akaelewa. Haikuwa aibu, wala hofu. Tangu mwanzo Lusenge alikuwa ameitazama parsele ya Mususa na kuona ghorofa za kupangisha, na fununu ile alikuwa ameipanda kama mtu anavyopanda mikaratusi mpakani, ili ikue yenyewe. Alimtazama Zacharie. Zacharie alikuwa upande wa gari.

"Sawa," Kyakimwa alisema. "Mungu aione."

Wiki iliyofuata alikwenda Beni na kurudi. Huko Beu mama yake mzazi alikuwa amemwachia kipande cha ardhi nyuma ya soko, chenye migomba na mtaro mbovu. Alikiogopa. Alilala pale usingizi wa kukatika-katika, akiamka kila pikipiki ilipopunguza mwendo. Lakini alikuwa amechoka kuogopa kati ya watu waliomwogopa yeye. Alirudi na Fuso la Sikuli, dereva aliyekuwa akimbebea viti vya harusi zamani, na wabebaji wanne.

Walianza na mabati, kisha kuta za jikoni. Yeye mwenyewe alishika ufunguo wa nati, na kila nati aliyoifungua aliitia kwenye ndoo aliyobeba Providence. Majirani walikuja tena. Ilikuwa ajabu kuona nyumba ikipungua bila kelele, bila nyundo, bila vumbi; sebule ikawa ukumbi usio na paa, mara kuta mbili, mara ukuta mmoja wenye kitanda kilichokunjwa na picha yake nyeupe na nyekundu ikitazama mtaa mzima.

Zacharie alifika jua likiwa limepanda. Lusenge alikuwa naye. Zacharie aliinama kama mtu anayetaka kushika ncha ya ubao, na kaka yake akasema, bila kupandisha sauti, "Ukigusa hiyo mbao, usirudie mu duka." Zacharie akanyooka. Aliweka mikono mfukoni. Kyakimwa aliona, akageuka, akaendelea kufungua.

Chumba cha mama Kanyere kilibaki cha mwisho. Kyakimwa alimwendea.

"Mama, utoke kidogo. Tunataka kutoa kuta."

"Miye hapana toka."

"Gari ya yaya Lusenge inakungoja."

"Nimesikia. Hapana toka."

Kyakimwa alisimama akimtazama, na uchungu wa miaka yote ukampanda: mahari, mlango unaolia, asante ambayo haikutoka. Akawaambia wabebaji wafungue. Wakaondoa bati lililokuwa juu ya mwanamke mzee, kisha ukuta wa kushoto, kisha wa kulia, na mama Kanyere akakaa pale kitandani, amejifunika blanketi la kijivu mpaka kidevuni, akiwa hadharani katikati ya parsele kama sanamu iliyosahauliwa baada ya maandamano. Ukabaki ukuta mmoja tu, ule wenye dirisha la chini. Alikuwa akitazama humo, ingawa sasa angeweza kutazama popote.

Mama mtu mzima kukaa kitandani mbele ya watoto na wabebaji haikuwa kitu cha kutazamwa. Baadhi ya wanawake waligeuza nyuso. Falonne aliondoka.

Lusenge alikwenda mbio. "Mama, unanipatisha haya. Twende. Chumba yako iko tayari, iko na karo, iko na maji."

"Nililala mu ile chumba Noeli mbili," mama Kanyere alisema. "Karo yako ni baridi kama kaburi. Nilianguka, nikaita, hakuna mutu alisikia. Dirisha iko juu, naona tu mbingu. Miye niko ndege?"

"Tutakata dirisha ingine."

"Huyu alinipima." Alimnyooshea Kyakimwa kidole bila kumwangalia. "Simupende, anajua simupende. Ana kiburi, halime, anaongea na banaume kama mutoto ya chifu. Lakini alinipima. Wewe ulipima parsele."

Lusenge alikisogelea kitanda. Kisha akafanya kosa: alimshika mama yake mkono ili amwinue. Mwanamke mzee hakupiga kelele. Aliutazama tu ule mkono, na mtaa mzima ukautazama, mpaka Lusenge akauachia kama kitu kilichoungua. Alirudi kwenye gari lake. Zacharie alipanda naye.

Kyakimwa aliweka chini ufunguo wa nati. Hakutaka kwenda Beni na mwanamke huyu. Aliwaza barabara, dawa za miguu, maneno ya kila asubuhi. Alimwinamia.

"Beni hakuna usalama, Mama. Unajua."

"Na hapa iko?"

Sikuli na mbebaji mmoja walimbeba akiwa ndani ya blanketi, wakamkalisha mbele ya Fuso, kati ya dereva na Providence. Ukuta wa mwisho ukafunguliwa, kitanda kikapakiwa, na Kyakimwa akapanda juu ya mbao. Parsele ikabaki na mawe ya mtoni na mstatili wa udongo mkavu, na kijumba kilichoanguka upande mmoja.

Huko Beu hakuna aliyewapokea kwa ngoma. Siku ya kwanza, kabla paa halijakaa, jirani mmoja aliuliza wametoka wapi, na aliposikia Butembo akauliza wamesikia nini huko hata wakakimbilia Beni. Kyakimwa alimjibu kwamba amesikia watu wanaouliza maswali hufa na nyumba zao hazijaezekwa. Jirani hakurudi kwa muda mrefu. Mama Kanyere, kutoka kitandani, alisema kwamba hayo si maneno ya kumwambia jirani, na kwamba mlango bado unalia.

Kazi ya sale ilianza kurudi kidogo kidogo. Kapinga, mke wa mwanajeshi mmoja kutoka Kasai, aliyepangishwa chumba kimoja na watoto watano, aliona vile vitanda vya kukunja akaagiza viwili. Baada yake wakaja wengine, wengi wao watu wa kupangisha na watu waliohamishwa, watu wasiomiliki ukuta. Kyakimwa alitafuta seremala. Wawili hao walibishana kama alivyobishana na yule wa kwanza.

Zacharie alikuja miezi kadhaa baadaye, kwa pikipiki, na begi mgongoni. Ilikuwa alasiri, mawingu yamekusanyika juu ya migomba. Alisimama mbele ya nyumba yake mwenyewe akisubiri kukaribishwa. Providence alimpa mkono, akaingia ndani.

"Yaya alijenga?" Kyakimwa aliuliza.

"Alianza. Alichimba fondasio, maji ikajaa. Sasa banagombana na mukubwa ya kartiye." Akajifuta vumbi la njia usoni. "Nilitoka mu duka."

"Alikufukuza?"

"Nilitoka."

Kyakimwa alimtazama ili ajue kama ni kweli, na hakuweza kujua. Alikuwa amekonda. Kwenye viganja vyake vumbi jeupe la karo halikuwapo tena. Kyakimwa alijiuliza kama ana huruma, akakuta anayo kidogo, na chini yake chuki ngumu iliyotulia kama jiwe, na hakuona sababu ya kuificha yoyote kati ya hizo mbili.

"Nitalala wapi?" Zacharie aliuliza.

"Benchi iko," mama yake alijibu kutoka ndani, kabla Kyakimwa hajasema kitu. "Na uache viatu inje."

Ngurumo ilisikika upande wa Ruwenzori. Mtaro uliokuwa nyuma ya nyumba ulikuwa umeziba tangu mvua iliyopita, na maji yangekuja moja kwa moja chini ya sakafu. Kyakimwa aliingia jikoni, akatoka na jembe, akampa.

"Maji inapita kule," alisema. "Uchimbe mpaka kwa barabara."

Zacharie aliweka begi juu ya ngazi, akavua koti, akaenda kuchimba. Matone ya kwanza yalimkuta katikati ya mtaro. Kyakimwa alisimama mlangoni, mikono imekunjwa, akamwangalia mpaka mvua ikamficha, kisha akaingia kuwasha moto.